Mashindano ya sataranji ya kompyuta hayahitaji ukumbi wa harusi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na vijana wa vyuo, walimu wa TEHAMA na vilabu vinavyotaka kuandaa mashindano ya programu za kompyuta zinazocheza sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita. Mipango mingi ya namna hii hufia mahali pamoja: bei ya ukumbi. Waandaaji huanza kwa kuulizia kumbi za hoteli na za harusi, hutajiwa bei inayomeza bajeti yote pamoja na zawadi, kisha hukata tamaa. Kosa lao limetangulia hapo. Wametafuta ukumbi kabla ya kujua mashindano yenyewe yanahitaji nini, na mwenye ukumbi amewatoza kwa vitu ambavyo kompyuta haina haja navyo: jukwaa, mapambo, maegesho, viti mia tatu.

Cha kwanza kuamuliwa ni muda wa kufikiri utakaopewa kila programu, kwa sababu muda huo ndio unaopanga kodi. Chukua programu 10 zinazocheza ligi, kila moja ikikutana na kila nyingine mara moja. Hizo ni raundi 9, michezo 45, meza 5 kwa wakati mmoja. Ukitoa dakika 15 kwa kila upande na sekunde 5 za nyongeza kwa kila hatua, mchezo wa hatua 80 kila upande hauwezi kuzidi dakika 43 hivi, na hata ukifika hatua 120 utaishia kwenye dakika 50. Raundi moja, pamoja na kupanga kete na kuandika matokeo, inaingia ndani ya saa moja. Sasa badilisha, utoe dakika 60 na nyongeza ya sekunde 15. Mchezo uleule wa hatua 80 waweza kufika saa 2 na dakika 40, raundi itahitaji saa 3, na ligi nzima saa 27. Ukumbi wa siku mbili umegeuka ukumbi wa siku nne, na programu hazikuongezeka hata moja. Anayetaka muda mrefu kwa lazima aache ligi achukue mfumo wa Uswisi, unaowakutanisha wenye pointi zinazokaribiana kila raundi, na ambao kwa programu 10 raundi 5 zinatosha kupata mshindi.

Kwa muda ule mfupi ratiba inakaa vizuri. Jumamosi mnaingia saa 3 asubuhi, mnatumia saa nzima kufunga mitambo, raundi zinaanza saa 4, saa 5 na saa 6, mnakula, kisha saa 8 na saa 9. Saa 10 alasiri mnafunga mlango. Jumapili zinabaki raundi 4. Hakuna usiku, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia usiku, na huo ndio unaofanya kumbi ziwe ghali.

Je, chumba kiwe na ukubwa gani? Pima kwa meza. Ubao wa sataranji wa kawaida una upana wa sentimita 45 hadi 50. Weka pembeni yake saa ya mchezo, na kompyuta mpakato moja kila upande, na unahitaji meza ya sentimita 180 kwa 75. Zikiwa kompyuta za mezani zenye skrini zake, unganisha meza mbili. Pamoja na viti na njia ya kupita, kila mchezo unachukua kama mita 6 za mraba, hivyo michezo mitano ni mita 30. Darasa la kawaida la mita 7 kwa 8 linakupa 56. Zinazobaki ni za mwamuzi, projekta na watazamaji ishirini. Mashindano haya, Mhariri, yanaenea darasani, na darasa ni chumba kilichopo kila kata.

Ndiyo maana pendekezo letu la kwanza ni maabara ya kompyuta ya shule au chuo wakati wa likizo. Meza zipo, soketi zipo ukutani, madirisha yana nondo na mlango una kufuli la maana. Kwa Tanzania fikirieni likizo ya Juni na ile ya Desemba. Epukeni Mei, wanapofanya mtihani kidato cha sita, na Novemba ya kidato cha nne, kwa kuwa hapo hakuna mkuu wa shule atakayeruhusu wageni, na hata akiruhusu mwezi mmoja kabla anaweza kulazimika kubatilisha. Barua ya maombi ipelekwe wiki 6 kabla. Shule ya umma inaweza kuwaelekeza kwanza ofisi ya elimu ya wilaya, na huko barua hukaa.

Kodi ya maabara mara nyingi inaweza kulipwa kwa kazi badala ya fedha, na hili ndilo tunalosisitiza kuliko yote. Maabara nyingi zina kompyuta zinazozimika zenyewe kwa joto kwa sababu feni ya prosesa imeziba vumbi na mafuta ya kupitishia joto yaliyo juu ya prosesa yamekauka. Vijana watano wenye brashi, kipulizia hewa na vibomba viwili vitatu vya mafuta hayo wanaweza kuzihudumia kompyuta 20 kwa siku moja. Andikeni hivyo kwenye barua: tutasafisha kompyuta zote, tutawafundisha wanafunzi wenu nusu siku, tutalipia umeme tuliotumia. Mkuu wa shule anayesoma barua hiyo anaona faida ya shule yake, wala haoni tena kundi la watu linalotaka kuazima chumba.

Hata hivyo maabara ina mitego yake, na mingi hujitokeza asubuhi ya mashindano, wakati hakuna nafasi ya kuirekebisha. Wa kwanza ni prosesa za zamani. Stockfish, programu ya bure inayotumiwa na wengi kama kipimo, hutolewa kwa matoleo tofauti kulingana na prosesa. Toleo la AVX2, yaani linalotegemea maagizo ya jina hilo yaliyojengwa ndani ya prosesa, halifanyi kazi kwenye prosesa isiyo nayo, na upande wa Intel yalianza kuonekana mwaka 2013. Ukilifungua kwenye mashine ya nyuma ya hapo hujifunga papo hapo bila maelezo, na mtu hudhani faili limeharibika. Bebeni pia toleo la SSE4.1, la maagizo ya zamani zaidi, na lile la jumla la x86-64. Mtego wa pili: maabara nyingi zimewekewa programu inayorudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya. Umeme ukikatika raundi ya nne, rekodi za raundi tatu zimekwenda. Kila mchezo unapokwisha, faili lake linakiliwa kwenye flashi ya mwamuzi, hapo hapo. Wa tatu ni programu ya kuzuia virusi, ambayo haijawahi kukutana na programu aliyoiandika kijana wenu wiki iliyopita, hivyo inaifuta. Iwekeeni ruhusa mapema, na kwa hilo mnahitaji nenosiri la msimamizi wa maabara. Mwombeni akiwa bado ofisini, kabla hajakwenda kijijini kwa likizo.

Kama maabara imeshindikana, jaribuni ukumbi wa kata au wa manispaa, chumba cha mikutano cha maktaba, ukumbi wa kanisa au wa msikiti, au darasa la chuo cha ufundi. Ukumbi wa harusi nao unaweza kupatikana kwa bei ya chini ikiwa mnautaka mchana wa siku za kazi, maana siku hizo unakaa mtupu. Jumamosi hapana. Hata mkiambiwa sherehe ni ya usiku, wapambaji huingia saa 6 mchana na ngazi zao, na fundi wa muziki hujaribu spika saa 8.

Sasa umeme, maana hapa ndipo ukumbi wa bei rahisi unapoweza kugeuka ghali. Kompyuta mpakato ikifikiri kwa nguvu zake zote hula wati 60 hadi 90. Ya mezani yenye prosesa ya viini 8 pamoja na skrini yake hukaribia 250. Yenye kadi kubwa ya picha, ambayo programu za mitandao ya neva kama Leela Chess Zero huihitaji, inaweza kupita 500. Kompyuta 10 za mezani ni wati 2,500, sawa na ampea 11 kwenye umeme wa volti 230. Soketi moja ya ampea 13 kwa hesabu ya karatasi ingezibeba zote. Kisha mtu anachomeka projekta ya wati 300 na birika la chai la wati 2,000, na breka inaanguka katikati ya raundi. Chai ije kwenye chupa. Tafuteni soketi tatu za ukutani, walau mbili ziwe kwenye breka tofauti, na hakikisheni kwa kuzima breka moja moja na kutazama kipi kimezimika. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake ifunguliwe yote hadi mwisho. Ikibaki imejikunja, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka. Msichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Waya wake uwe wa milimita 1.5 za mraba, maana zile nyembamba za bei poa zimekusudiwa chaji ya simu na taa.

Kuna pia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ukumbi unaweza kuwa na kila kitu na uniti zikaisha saa 7 mchana siku ya Jumapili, simu ya msimamizi ikiwa imezimwa. Hesabu yake ni nyepesi: kilowati 2.5 kwa saa 12 za siku mbili ni uniti 30. Kiyoyozi cha kilowati 1.5 kwa saa hizo ni uniti 18, jumla 48. Nunueni uniti zenu wenyewe, ziingizwe mbele yenu, na chukueni namba ya mita. Ni nafuu kuliko kulipa umeme uliokadiriwa kwa macho, na mwenye ukumbi huwa mwepesi kupunguza kodi akijua mzigo huo haumhusu.

Umeme ukikatika kabisa, mnachohitaji ni kanuni mliyoiandika mapema, hata kama jenereta haipo. Mwamuzi anasimamisha saa zote, hata za meza ambazo kompyuta zake bado zinawaka. Sababu ni kwamba kompyuta mpakato inapohamia betri hupunguza mwendo wa prosesa, wakati mwingine hadi nusu, na mchezo unaoendelea hivyo hauna haki. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 hubeba kompyuta moja ya mezani kwa dakika chache tu, na dakika hizo zinatosha kuhifadhi rekodi na kuzima kwa utaratibu. Umeme ukirudi, kete zinapangwa upya kutoka kwenye rekodi, saa zinarudishwa zilipokuwa, mchezo unaendelea. Programu zinazotumia itifaki ya UCI, lugha ya kupokea na kutoa hatua za sataranji, hazipati shida, kwa kuwa kila hatua hupewa upya mwenendo mzima wa mchezo. Zinachopoteza ni kumbukumbu ya hesabu zilizokwisha kufanya. Mkikodi jenereta, ulizeni kabla nani analipa mafuta, na ijaribuni na UPS zenu. UPS nyingi huukataa umeme wa jenereta ndogo na kubaki zikilia.

Joto nalo ni adui asiyeonekana. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka kama joto. Wati 2,500 za mashine na watu 20, kila mmoja kama wati 100, ni wati 4,500 ndani ya darasa, yaani BTU 15,400 kwa saa kabla ya kuhesabu jua na bati. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kinamudu kwa shida. Cha 12,000 hakimudu. Prosesa ikizidiwa hupunguza mwendo yenyewe bila kutoa taarifa, na programu nzuri inapoteza kwa sababu imekaa upande wa dirisha la magharibi. Kabla ya kulipa kianzio, nendeni ukumbini saa 8 mchana na kompyuta moja. Stockfish ina amri ya bench inayoonyesha idadi ya nafasi inazopima kwa sekunde. Iendesheni asubuhi nyumbani mwandike namba, kisha mwirudie ukumbini mchana baada ya kuichosha mashine dakika 20. Namba ikishuka zaidi ya asilimia 10, ama mtafute chumba kingine ama muweke mapangaboi na mzihamishe meza upande wa kivuli. Jaribio hilo halina gharama, na litawaambia mengi ambayo mwenye ukumbi hataweza kuwaambia.

Intaneti msiilipie kwa bei ya hoteli. Programu zinapotumia kompyuta iliyo mbali, kinachopita hewani ni maandishi tu. Modemu mbili za mitandao miwili tofauti zinatosha, moja ikiwa ya akiba. Tatizo liko kwenye kuchelewa. Kwenye Stockfish kuna kipimo kiitwacho Move Overhead ambacho huja kikiwa milisekunde 10. Kwa mashine ya mbali kiwekeni 1,000 au zaidi, la sivyo programu itatumia saa yake hadi tone la mwisho na kupoteza kwa muda ikiwa imeshinda ubaoni. Kinachokula bando ni video ya moja kwa moja, kama GB 1 kwa saa kwa ubora wa wastani, hivyo rusheni hatua za mchezo badala ya picha. Jedwali za Syzygy zinazojua matokeo ya hakika ya miisho yenye kete 5 au pungufu zina karibu GB 1: zije kwenye flashi. Zile za kete 6 ni GB 150, na kwa mashindano ya siku mbili hazina ulazima.

Watakuwepo watakaosema mashindano ya heshima lazima yawe hotelini. Kweli, yale ya kwanza ya Marekani, mwaka 1970, yalifanyika katika hoteli ya Hilton jijini New York, programu 6 zikishiriki kwa raundi 3. Lakini kompyuta nyingi hazikuwa hotelini. Chess 3.0, iliyoshinda, ilikuwa ikifikiri kwenye mashine ya Chuo Kikuu cha Northwestern katika jimbo la Illinois, na hatua zilipita kwenye simu. Ubingwa wa dunia wa kwanza, Stockholm mwaka 1974, ulichukuliwa na Kaissa ya Urusi ya Kisovyeti, ambayo mashine yake ilibaki Moscow. Baadaye mashine zilipokuwa ndogo, vyuo vikuu vilibeba sehemu kubwa ya kazi hii: Paderborn nchini Ujerumani palikuwa na mashindano ya kila mwaka tangu 1991, na mwaka 1999 walipokea ubingwa wa dunia wenye programu 30. Uholanzi wamecheza kwa miaka mingi mjini Leiden, katika jengo la michezo ya akili, aina ya mahali ambapo wacheza sataranji na karata wangekutana hata bila kompyuta. Na tangu 2010 ligi ya TCEC huchezwa yote mtandaoni, bila ukumbi wowote.

Hilo la mwisho linatupa njia tunayoiona bora kwa mwenye mfuko mdogo. Ligi ichezwe usiku kwenye kompyuta moja, ofisini au bwenini, kwa programu ya bure ya cutechess-cli, inayozichezesha programu zenyewe kwa zenyewe. Kompyuta yenye viini 8 inaweza kuendesha michezo 4 kwa pamoja, kila programu ikipewa kiini kimoja na kukatazwa kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake. Michezo 45 inakwisha kwa takriban saa 8. Kumbukumbu ya MB 256 kwa kila programu inafanya jumla ya GB 2 kwa programu 8 zilizo mchezoni. Wekeni fungu la funguzi, yaani hatua za mwanzo zilizopangwa, kwa sababu programu nyingi zikiachwa zianze peke yake hurudia mchezo uleule. Muda ukiruhusu, kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi. Hapo michezo inakuwa 90 na usiku unakuwa miwili.

Programu 4 za juu ndizo zije ukumbini kwa nusu siku. Meza 2, raundi 3, kete za mbao, na mwandishi wa kila programu akiisogezea kete kwa mkono wake mbele ya watu. Tunasema hivyo kwa kuwa tunaamini mashindano bila watu kukutana hupoteza kitu. Kijana anayeona mfalme wake akizingirwa, na kwenye skrini programu yake bado inadai inaongoza, hujifunza kosa la hesabu zake kwa namna ambayo faili la matokeo haliwezi kumfundisha. Kwa meza 2 chumba chochote kinafaa, hata sebule ya ofisi ya kata.

Mkishapata mahali, pateni karatasi, hata kama ni bure na hata kama mwenye nyumba ni rafiki. Iandike tarehe, saa ya kuingia na kutoka, idadi ya meza na viti, nani ana ufunguo wa pili, nani ana ufunguo wa chumba cha breka, usafi ni wa nani, kianzio kinarudi lini, na kama kuna shughuli nyingine chumba cha pili siku hiyo. Piga picha meza na viti kabla na baada. Ufunguo wa chumba cha breka huonekana jambo dogo. Ukiwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda shamba, swichi iliyoanguka saa 5 asubuhi itabaki imeanguka hadi jioni.

Wakuu wa shule na maofisa wa manispaa wanaosoma gazeti hili tunawaomba jambo moja: kila mwenye chumba kinachokodishwa abandike mlangoni bei yake ya mchana, ikiwa tofauti na ya usiku, na namba ya simu ya anayeshika ufunguo.

Wapenzi wa sataranji ya kompyuta,
Dar es Salaam